Uduvi na Jiwe la Kalala

Siku ya kilio cha Papa Gaspard, viti, meza na kabati vilitolewa nje kama ilivyo desturi, wanaume wakakaa uani kwenye viti vya kukodi, na wanawake wakakaa chini katika saluni, yaani sebuleni, miguu imenyooshwa, migongo ikitegemea kuta. Kitu kimoja tu hakikutolewa. Pembeni mwa dirisha, juu ya matofali manne, tangi la kioo lilibaki mahali pake, limejaa maji, kwa sababu hakuna aliyeweza kulibeba likiwa limejaa na hakuna aliyethubutu kulimwaga. Nilikuwa nimefika Likasi asubuhi hiyo kutoka Lubumbashi, vumbi la njia likiwa bado kwenye nyusi zangu, na nilipokwisha kumkumbatia Mama mukubwa Jozefina, dada mkubwa wa mama yangu, mjane sasa, sikujua mahali pa kuweka macho. Nikayaweka pale. Konokono mmoja alikuwa akipanda kioo polepole, tumbo lake jeusi likiwa upande wetu, kama mtu anayepita mbele ya kanisa bila kujua kwamba ndani kuna misa. Mama mukubwa alifuata macho yangu, akasema kwa sauti ya chini: "Bako bengine bengi mu majani. Gaspard alibalisha mupaka siku ya mwisho." Ndipo niliporudi kwa mawazo, nikiwa nimekaa chini kati ya wanawake wanaoimba, katika mwaka ule nilioishi ndani ya nyumba hiyo.

Namna nilivyofika pale ni hadithi ya watu wengine. Nilikuwa na miaka kumi na saba, shule zilikuwa zimefungwa tena, na nilipewa chumba kidogo nyuma ya jiko ambamo gunia la makaa lilikuwa limelala kabla yangu. Ninachokumbuka vizuri ni saluni. Kulikuwa na kiti kimoja cha mbao chenye mto wa kijani, televisheni isiyowaka iliyofunikwa kitambaa cha krosheti, kalenda ya mwaka uliopita, na nyuma ya mlango, kwenye msumari, koti jeupe la labo. Papa Gaspard alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na miwili katika labo, yaani maabara, ya Kampani ya shaba, akipima shaba iliyoyeyuka ndani ya maji. Walisema alikuwa anaweza kuinua chupa kwenye mwanga, akatazama rangi yake ya buluu, akataja kiasi cha shaba kabla mashine haijasema. Halafu labo ikasimama kama vingine vyote vilivyosimama mwaka ule, na mkubwa wao akawaambia kila mtu achukue anachoweza kubeba. Wengine walichukua mizani na taa za gesi. Yeye alikuja na tangi la kioo kichwani, kubwa kama sanduku la nguo, akaliweka uani. Mama mukubwa akawa anaanika juu yake vitambaa vya vyombo.

Lakini si labo iliyomnyamazisha. Ukimya ulianza wiki ambayo Kalala aliondoka. Kalala alikuwa amekaa naye meza moja ya labo tangu wote wawili walipokuwa vijana, na alikuwa mmoja wa wale walioambiwa mwaka ule kwamba hapa si kwao, ingawa watoto wake wote walikuwa wamezaliwa Likasi. Alilala wiki nyingi stesheni pamoja na familia yake na magodoro yake, akingoja treni ya kwenda Kasai, mkoa wa asili ya wazazi wake. Papa Gaspard hakwenda kumwona. Kila asubuhi alivaa viatu, na kila asubuhi alivivua. Siku moja kabla ya treni, Kalala mwenyewe alikuja hadi mlangoni, akamkabidhi Mama mukubwa jiwe la malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba ndani yake, lenye ukubwa wa ngumi mbili, walilookota pamoja kwenye machimbo ya Kambove siku moja ya ujana wao. "Mupatie Gaspard," alisema. "Iko nzito juu ya safari." Gaspard alikuwa ndani, nyuma ya pazia, umbali wa hatua tatu. Mimi niliona miguu yake chini ya pazia. Tangu siku ile jiwe likakaa juu ya televisheni, na yeye akakaa kwenye kiti cha mto wa kijani, uso ukutani. Alisema "merci", asante, alipopewa chakula, na hakuna neno lingine.

Barabara yetu iliwajua wanaume wa namna hiyo. Walikuwa wawili au watatu, waliokaa kwenye kiti hivyo hivyo, wakakonda bila kuumwa, na siku moja majirani wakaona viti na meza vinatolewa nje. Mama mukubwa alikuwa anaijua hesabu hiyo. Nilimsikia jikoni akimwambia jirani yetu Mama Rebeka, mwanamke wa kanisa la maombi aliyeuza unga sokoni na aliyekuwa na ulimi unaoamka kabla yake: "Minye siogope njaa, Rebeka. Njaa tunaijua. Minye naogopa ile kiti."

Mambo yalianza na mboga. Ilikuwa katikati ya msimu wa mvua, na Mama mukubwa alikuwa amepata kwa wanawake wa Mulungwishi, kule mtoni, kikapu kidogo cha wale wadudu wa maji tuliowaita krevete, na ambao miaka mingi baadaye, katika vitabu vya pwani, niliwakuta wakiitwa uduvi. Alitaka kuwatia ndani ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Nilikuwa nimekaa sakafuni nikiwachambua kutoka kwenye majani yenye maji, kikapu kikiwa karibu na mguu wa kiti, sufuria ya bukari, ugali wetu, ikichemka, Mama mukubwa akiimba wimbo wa Legio ya Maria wenye beti nyingi. Ndipo sauti niliyokuwa nimesahau mlio wake ikasema juu ya kichwa changu: "Hii ingali inapumua." Niliinua macho. Papa Gaspard alikuwa ameinama, kidole kikielekea uduvi mmoja asiye na rangi, mwembamba kama ukucha wa mtoto, ambaye miguu yake midogo ilikuwa ikichezacheza. Jikoni wimbo ulikatika. Mama mukubwa alikuja na mwiko mkononi, akamtazama mumewe, akakitazama kikapu, kisha akafanya jambo ambalo hadi leo naliona kuwa la busara kuliko hotuba zote nilizosikia: alileta bakuli la maji ya mvua, akalisukuma kwa mguu hadi mbele ya kiti, akarudi jikoni. Tuliokoa saba. Tulikula sombe bila kitu ndani, na ilikuwa chungu kidogo, na hakuna aliyelalamika.

Kesho yake alikwenda uani mwenyewe, akaondoa vitambaa vya vyombo juu ya tangi. Alilisugua kwa majivu, akalisuuza, akalisugua tena, asubuhi nzima, akininusisha mara kwa mara. "Asidi haina adabu," aliniambia. "Inajificha mu kona." Hayo yalikuwa maneno sita, nami niliyahesabu. Tulitia mchanga tuliouchemsha kwenye sufuria, halafu maji ya mvua kutoka pipa la plastiki, halafu majani ya mtoni ambayo Mama mukubwa aliyaleta yamefungwa ndani ya kitenge. Nilitaka kuwamwaga uduvi humo mara moja. Alinishika mkono. Maji mapya, alisema, ni kama nyumba mpya, rangi yake haijakauka. Tukangoja. Maji yalichafuka yakawa kama ya kuoshea mchele, tukangoja tena, na uduvi wakabaki kwenye bakuli lao chini ya kiti. Siku maji yalipokuwa angavu yenyewe, bila mtu kuyagusa, aliwahamisha mmoja mmoja kwa kijiko cha chai. Mama mukubwa alileta wengine kutoka Mulungwishi, na konokono weusi kutoka mifereji ya bustani za misioni. Hatukuwa na umeme wala mashine ya hewa. Majani yalitoa hewa, na jua la saa nne likipita dirishani tuliona mapovu madogo kama shanga yakipanda. Chakula chao kilikuwa jani moja la kalembula, yale majani ya viazi vitamu tuliyokula sisi wenyewe, lililochemshwa bila chumvi. Walilizunguka wote, uduvi kwa vikono vyao vya haraka, konokono kwa midomo yao ya pole, na jioni jani lilibaki mishipa tu, kama kitambaa cha krosheti.

Majirani walikuja kuangalia, na maneno yakaja pamoja nao. "Jozefina," alisema Mama Rebeka, mikono kiunoni mbele ya kioo, "bantu banatafuta unga, weye unatafuta konokono." Mama mukubwa akajibu kwamba konokono walau hawakopi chumvi. "Na tena beko na nyumba ya vioo," akaendelea Rebeka, "na minye dirisha yangu ni karton." Alicheka, akavuta kigoda, akakaa nusu saa nzima bila kusema kitu, jambo ambalo katika barabara yetu lingestahili kutangazwa kanisani. Papa Gaspard alikuwa amegeuza kiti. Kilitazama tangi sasa, si ukuta. Hakuwa mtu wa maneno bado. Maneno yake yote yalikuwa ya maji. Lakini asubuhi alinyoa ndevu. Na uduvi mmoja alipobeba mayai tumboni, ya kijani kibichi, alimwita mke wake kwa jina lake, "Jozefina, kuya uone," na nilimwona Mama mukubwa akisimama jikoni kwanza, mkono kwenye ukuta, kabla ya kwenda.

Kosa lililofuata, nadhani, lingeweza kufanyika mjini kwetu tu. Likasi kila saluni ilikuwa na malakiti yake: tembo, kisahani cha majivu, msalaba, au jiwe zima. Tuliyapenda mawe hayo kama watu wa kwingine wanavyopenda maua. Na kabla ya Pasaka wanawake wote waliyaosha kwa ndimu ili yang'ae. Mama mukubwa aliliosha jiwe la Kalala, akalikausha kwa upindo wa kitenge chake, na mistari yake ya kijani, mwembamba juu ya mnene, ikatoka kama imechorwa saa ile. Papa Gaspard alilichukua kutoka mikononi mwake. Alilishika muda mrefu. Kisha akalizamisha katikati ya tangi, polepole, kwa mikono miwili, akatengeneza mchanga kulizunguka. "Hapa atakuwa karibu," alisema. Tulijua ni nani. Siku ya Pasaka jua lilipoingia, saluni yote ilikuwa ya kijani, hata meno ya Mama Rebeka, na tulikubaliana kwamba hakuna nyumba ya mkurugenzi iliyowahi kuwa na kitu kama kile.

Uduvi wa kwanza alikufa siku ya tatu. Uduvi mfu hugeuka kuwa mwekundu, kana kwamba amepikwa. Siku iliyofuata wanne. Konokono walipanda kioo hadi juu ya maji, wakashikilia ukingo. Tulipowarudisha ndani walifunga milango yao, wakaanguka kama vifungo vya koti. Papa Gaspard aliondoa nusu ya maji, akatia mapya. Aliondoa majani akayasuuza. Alitoa kila kitu, akasugua upya kwa majivu, na Mama mukubwa, kwa kutaka kusaidia, akaliosha tena jiwe kwa ndimu kabla halijarudishwa majini. Wale waliobaki walikufa haraka zaidi. Yule mwenye mayai alikuwa wa mwisho. Papa Gaspard alimtoa kwa kijiko kile kile cha chai, akamweka juu ya karatasi, akamtazama. Halafu akageuza kiti.

Siku hizo nilisikia mazungumzo jikoni ambayo sikupaswa kuyasikia, lakini kitanda changu kilikuwa nyuma ya ukuta huo. "Kuna jicho baya mu ile maji," alisema Mama Rebeka. "Nitaleta bamama ba maombi." Mama mukubwa alikuwa anapepeta unga; ungo ulisimama. "Kama iko jicho, ni ya Gaspard, na inaangalia ukuta," alisema. "Mara ya kwanza alitoka mu ile kiti sababu ya mboga yangu. Mara ya pili sina mboga ingine." Rebeka alichukua ungo mwingine, wakapepeta wote wawili.

Nilikuwa nasafisha nyuma ya mlango wa jiko nilipomwona. Siku tulipotoa vitu vyote, nilikuwa nimeacha beseni la kuoshea majani, lina maji ya mvua kidogo na kipande cha kalembula, na ndani yake konokono mmoja aliyekwama kwenye jani bila mimi kumwona. Siku tisa zilikuwa zimepita. Alikuwa akitembea. Alikuwa mnene, pembe nje, amekula kalembula hadi mishipa. Nilikaa chini sakafuni. Nilikuwa nasoma kemia peke yangu ili nisiisahau shule, na nilijua kwamba shaba huyeyushwa kwa asidi. Kila mtoto wa mji wetu alijua, ilikuwa kazi ya kiwanda kizima. Nikafikiria ndimu, ambayo ni asidi. Nikafikiria jiwe, na shaba yake, ambayo majini ni sumu kwa viumbe wadogo kama wale. Na jambo lililofuata kichwani mwangu lilikuwa miguu ile chini ya pazia. Ningemwambiaje kwamba kilichowaua ni zawadi ya Kalala, iliyooshwa na mke wake, iliyowekwa kwa mikono yake mwenyewe? Niliona kiti, na niliona viti vyote vikitolewa nje. Nilikaa pale hadi makaa yakazimika. Mwishowe nilifanya kama Mama mukubwa alivyofanya siku ile ya bakuli. Nilibeba beseni hadi saluni, nikaliweka chini mbele ya ukuta wake, nikabaki nimesimama.

Papa Gaspard aliinama kulitazama. "Hii inatoka wapi?"

"Nilimusahau mu beseni, Papa."

"Maji gani?"

"Ile ile ya pipa."

Alikunja kidole. "Majani?"

"Ile ile."

Akakunja cha pili. "Muchanga?"

"Kidogo, ile ile."

Akakunja cha tatu, na cha nne kikabaki kimenyooka. Aliuliza kama beseni lilikuwa la plastiki, nikasema ndiyo. Kidole kilibaki hewani. Kisha kichwa chake kikageuka, si upande wangu, bali polepole kuelekea dirisha, ambapo tangi lisilo na uhai, jiwe likiwa bado katikati ya maji, lilikuwa limejaa mwanga wa kijani.

Alisimama, akavaa koti jeupe lililokuwa nyuma ya mlango, akaniomba vichupa viwili vya mayoneze. Alitia maji yale yale katika vyote viwili. Katika kimoja aliweka kipande alichokikwangua kutoka kwenye jiwe, na katika kingine hakuweka kitu, kwa sababu, aliniambia, bila chupa ya pili huwezi kujua kama unaona au unaota. Konokono tulikuwa naye mmoja tu. Alimtia kwanza kwenye maji yenye jiwe. Tulikaa mbele yake mimi na yeye, magoti yakigusana, na kabla ya chakula cha mchana konokono alikuwa amejivuta ndani na kufunga mlango. Papa Gaspard alimtoa mara moja, akamsuuza, akamweka kwenye chupa ya pili. Sikula. Yeye hakula. Saa kumi hivi pembe moja ilitoka, nyembamba kama uzi, ikapapasa, ikarudi. Kisha zikatoka mbili.

Nilisikia sauti nikadhani analia. Mama mukubwa naye alidhani hivyo, kwa maana alikuja mbio, mikono ina unga. Papa Gaspard alikuwa anacheka. Alicheka kwa mabega, mkono ukiwa usoni, hadi machozi yakashuka kwenye koti. "Miaka makumi mbili na mbili," alisema alipopata pumzi, "bananilipa juu ya kutafuta shaba mu maji." Akaonyesha tangi. "Na ile pale naitia minye mwenyewe." Akafuta macho. Akatazama jiwe kupitia kioo. "Kalala angecheka mupaka angeanguka." Lilikuwa jina ambalo halikuwa limetamkwa katika nyumba ile tangu treni. Likabaki saluni kama mtu aliyeingia, na hakuna aliyemfukuza. Kisha akasema tena, bila kicheko sasa, macho kwenye pazia: "Nilikuwa nyuma ya rido, Jozefina."

"Najua," alisema Mama mukubwa. "Yeye pia alijua. Aliona miguu."

Mama mukubwa alikuwa na bangili ya shaba kwenye mkono wa kulia, iliyopigwa na Papa Gaspard kutoka kwenye kipande cha bamba la kiwandani enzi za uchumba wao. Sikuwahi kuiona imetoka. Alioga nayo, alikanda nayo, alilala nayo, na chini yake ngozi ilikuwa na mstari wa kijani. Jioni ile, kabla ya kuzamisha mikono tangini kulitoa jiwe, aliivuta. Ilikataa kwenye kifundo, akatia unga wa mikono yake, ikatoka. Aliiweka juu ya televisheni. Papa Gaspard aliiangalia pale ilipolala.

"Utairudisha ku mukono?"

"Nikimaliza kusafisha."

Jiwe lilikaa karibu na bangili, likakauka, likawa tena la kawaida. Juma lililofuata Papa Gaspard alivaa viatu asubuhi, na hakuvivua. Alitoka na ndoo, mke wake mbele na mimi nyuma, tukaenda hadi Mulungwishi kutafuta uduvi, naye alisalimia kila mlango wa barabara yetu kwa jina, pamoja na ule wa nyumba ya Kalala, ambamo walikuwa wakiishi watu wengine. Miezi miwili baadaye alimwandikia Kalala barua, Mbuji-Mayi, kule Kasai. Jibu lilichelewa mwaka mzima, lakini lilikuja, na sentensi ya kwanza, alinisomea mwenyewe, ilikuwa swali kuhusu ndimu. Na tangu hapo ile nyumba ikawa na sheria moja. Aliyetaka kutia mkono tangini alivua kwanza pete, saa, bangili, chochote. Padri mwenyewe alivua.

Siku ya tatu ya kilio, viti viliporudishwa ndani, Mama mukubwa alinishika mkono. Alivuta bangili, ambayo sasa ilitoka bila unga, mkono umekonda hivyo, akanivisha. "Minye siwezi tena kuinua ndoo," alisema. "Na bale ba mu maji, nani atabalisha?" Niliangalia tangi. Majani yalihitaji kupunguzwa, na kioo kilikuwa na ukungu wa kijani upande wa dirisha. Uduvi walikuwa wakingoja pembeni, mahali jani lilipozoea kushuka. Mama Rebeka, mzee sasa, alikuwa anamenya kalembula mlangoni bila kuambiwa na mtu. Nilikunja mkono wa gauni langu hadi kwenye kiwiko. Kisha nikavua bangili, nikaiweka juu ya televisheni, karibu na jiwe, nikatia mkono majini.